Kwa Nini Mama wa Miaka 65 Anyang'anywe Dawa Inayomfaa?

Huko England, mtu akitimiza miaka 60 haulizwi tena pesa kwa mfamasia. Dawa zote alizoandikiwa na daktari wa NHS, mfumo wa afya wa umma, anazichukua bure. Kwa wanawake wengi wanaotumia tiba ya homoni, inayotuliza dalili za kukoma hedhi, umri huohuo ndio unaoanza kuwaletea shida. Mama anakwenda kwenye mapitio yake ya kila mwaka, anapimwa presha, anaulizwa maswali mawili matatu, kisha anaambiwa kwamba dawa hii ameitumia vya kutosha, sasa aanze kuiacha. Akiuliza kumebadilika nini tangu mwaka jana, jibu analopewa ni umri wake.

Marekani shida hii huja zaidi mwanamke anapofikisha 65 na kuingia kwenye bima ya wazee, Medicare. Huko hata daktari si lazima aseme neno. Dawa inaweza kukwama famasi tu: bima inataka maelezo ya ziada, daktari anatakiwa ajaze fomu ya kueleza kwa nini mgonjwa wa umri huu anapewa dawa iliyo kwenye orodha ya dawa za hatari kwa wazee. Daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango ataona njia nyepesi ni kuiacha dawa yenyewe.

Madai yangu ni haya. Umri peke yake si sababu ya kitabibu ya kumsimamishia mwanamke tiba ya homoni. Wanaoutumia kama sababu wamechukua onyo lililotokana na watu waliokuwa wanaanza dawa hii uzeeni, wakalibandika kwa watu walioanza nayo mapema na wamekaa nayo miaka mingi. Ni makundi mawili yenye miili iliyopita njia tofauti, na kuyachanganya kumewaumiza wanawake wengi bila mtu yeyote kuwajibika.

Tuanze na dawa yenyewe, maana inazungumzwa sana na watu ambao hawajawahi kuiona. Hedhi inapokoma, ovari huacha kutoa estrojeni kwa kiwango cha zamani. Homoni hii haifanyi kazi ya uzazi peke yake. Inalinda mifupa isiliwe haraka, inaupa ukuta wa uke na njia ya mkojo unyevu na unene wake, inagusa usingizi, na inasaidia ubongo kudhibiti joto la mwili. Tiba ya homoni inarudisha sehemu ya estrojeni hiyo. Siku hizi wengi wanatumia kibandiko chembamba cha plastiki, kinachobandikwa chini ya kiuno, kwenye paja au tako, na kubadilishwa mara mbili kwa wiki. Wengine wanapaka jeli mkononi au pajani kila siku. Mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi huongezewa homoni ya pili ya jamii ya projesteroni, kwa sababu estrojeni ikiachwa peke yake hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko huo na inaweza kuleta saratani. Jambo hilo lilibainishwa Marekani mwaka 1975, na tangu hapo ndipo ikawa kawaida kuziunganisha homoni mbili.

Sasa, wapo wanaoamini kwamba dalili za kukoma hedhi ni jambo la mwaka mmoja au miwili, mwanamke avumilie zipite. Utafiti mkubwa wa Marekani unaojulikana kama SWAN, uliofuatilia wanawake wa asili mbalimbali kwa miaka mingi, ulitoa matokeo mwaka 2015 kuonyesha kwamba joto la ghafla na jasho la usiku, kwa wanaosumbuliwa nalo mara kwa mara, huchukua miaka 7.4 kwa kipimo cha katikati. Kwa wanawake Wamarekani weusi ilikuwa miaka 10.1. Hicho ni cha katikati, maana yake nusu yao walizidi hapo. Mwanamke aliyekoma hedhi akiwa na miaka 53 na akawa katika ile nusu ya muda mrefu, kwa hesabu ya kawaida tu anaweza kujikuta na miaka 65 bado mwili wake unawaka.

Na akiiacha dawa? Takriban nusu ya wanawake wanaosimamisha tiba ya homoni dalili huwarudia. Nataka msomaji alione hili kwa karibu. Saa nane usiku mwanamke wa miaka 67 anashtuka, moyo unadunda, shingo na kifua vimelowa, gauni la kulalia limegandamana mgongoni. Anaondoa shuka, anatandika taulo juu ya godoro, analala upande mkavu. Baada ya dakika kumi anasikia baridi ya jasho linalokauka na kuvuta blanketi. Saa kumi mambo yanaanza upya. Asubuhi ana wajukuu wa kupeleka shule, au ana zamu ya kazi, kwa sababu wapo wanawake wa umri huo Ulaya na Marekani ambao bado wako kazini. Wiki ya tatu ya hali hiyo anasahau majina, anagomba na watu, anaogopa kuendesha gari. Akirudi kwa daktari kulalamika kwamba halali na amekata tamaa, kuna uwezekano mkubwa wa kuandikiwa dawa ya kutuliza mawazo au ya usingizi. Dawa za usingizi kwa wazee zina hatari zake zinazojulikana, ikiwemo kuanguka usiku na kuvunjika nyonga. Kwa hiyo amenyang'anywa dawa inayolinda mifupa, akapewa inayoweza kumwangusha.

Hofu hii yote ina mwaka na mwezi. Ni Julai 2002. Marekani ilikuwa inaendesha utafiti mkubwa wa afya ya wanawake, Women's Health Initiative, unaogharamiwa na taasisi za afya za taifa. Katika tawi lake moja, wanawake 16,608 wenye mfuko wa uzazi, wa umri kati ya miaka 50 na 79, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa kidonge cha estrojeni na projestini (aina ya ile homoni ya pili), wengine kidonge kisicho na dawa. Lengo kuu halikuwa kutibu joto la ghafla. Watafiti walitaka kujua kama homoni zinawakinga wanawake wazee na ugonjwa wa moyo. Baada ya wastani wa miaka 5.2 utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, na ulimwengu ukatangaziwa kwamba homoni zinaongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26.

Asilimia 26 ni namba ya kutisha ukiisikia redioni. Ukifungua hesabu yenyewe unakuta hivi: katika wanawake 10,000 waliokunywa kidonge bandia, 30 walipata saratani ya matiti kwa mwaka. Katika 10,000 waliokunywa homoni walikuwa 38. Ongezeko ni wanawake 8 kati ya 10,000 kwa mwaka. Kulikuwa pia na ongezeko la watu 8 wa kiharusi, 8 wa damu kuganda kwenye mapafu na 7 wa ugonjwa wa moyo. Upande wa pili kulikuwa na upungufu wa watu 6 wa saratani ya utumbo mpana na 5 wa kuvunjika nyonga. Hizi si namba za kudharau. Wanawake 8 ni wanawake 8, wana majina na familia. Lakini mama aliyesikia "asilimia 26" alielewa kwamba robo ya watumiaji wataugua, na hakuna aliyekaa naye kumfafanulia. Kabla ya tangazo hilo, Wamarekani walikuwa wanaandikiwa tiba hii mara milioni 90 hivi kwa mwaka. Kufikia katikati ya 2003, kiwango kilikuwa kimeshuka hadi milioni 57 kwa mwaka.

Kilichofunikwa na kelele hizo ni umri wa waliotafitiwa. Wastani wao ulikuwa miaka 63 walipoanza, na theluthi mbili walikuwa na miaka 60 au zaidi. Wengi walikuwa wameshapita zaidi ya miaka kumi tangu hedhi ikome, mishipa yao ya damu ikiwa imekaa muda mrefu bila estrojeni, ndipo wakapewa homoni kwa mdomo. Tena kidonge chenyewe kilikuwa cha aina moja tu: estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, pamoja na projestini ya maabara iitwayo medroksiprojesteroni. Kibandiko cha estradioli, ambacho estrojeni yake ni sawa na inayotolewa na ovari, hakikuwemo.

Na tawi la pili la utafiti, la wanawake 10,739 ambao mfuko wa uzazi ulikuwa umeshaondolewa na waliopewa estrojeni peke yake, lilisitishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Waliofuatiliwa baadaye kwa miaka mingi walionekana kuipata kwa uchache kuliko wenzao wa kidonge bandia. Mwaka 2017 watafiti hao hao walichapisha hesabu ya vifo vya matawi yote mawili baada ya ufuatiliaji wa miaka 18: waliopewa homoni asilimia 27.1 walikuwa wamefariki, na waliopewa kidonge bandia asilimia 27.6. Hakukuwa na tofauti ya maana. Habari hiyo haikutangazwa kwa kishindo cha 2002.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Utafiti ule uliuliza: je, ni salama mwanamke wa miaka 63 *kuanza* homoni? Mwanamke anayekaa mbele ya daktari leo anauliza swali jingine kabisa: mimi niliyeanza nikiwa na 51, nikaitumia miaka 15 bila tatizo, je, *niendelee*?

Tofauti hiyo inaonekana hata ndani ya takwimu za utafiti wenyewe. Hatari ya moyo ilijitokeza zaidi katika mwaka wa kwanza wa matumizi. Hatari ya damu kuganda pia huwa kubwa zaidi mwanzoni. Anayefikisha miaka 65 akiwa ametumia homoni tangu hedhi ilipokoma ameshalivuka daraja hilo zamani. Kadhalika utafiti wa mwaka 2003 uliotisha watu kuhusu kupoteza kumbukumbu, uliochipuka kutoka katika mradi uleule, uliwahusu wanawake waliopewa homoni wakiwa na miaka 65 na kuendelea. Kumsomea matokeo hayo mwanamke aliyeanza akiwa na 50 ni kumsomea faili la mtu mwingine.

Wataalamu wenyewe wameliona hilo na kuliandika. Chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini, ambacho sasa kinaitwa The Menopause Society, kilitamka mwaka 2022 kwamba hakuna haja ya kuwasimamishia wanawake homoni kama utaratibu wa kawaida eti kwa kuwa wamepita 60 au 65. Chama cha Uingereza, British Menopause Society, nacho kinasema hapapaswi kuwekwa kikomo cha umri au cha miaka ya matumizi kisicho na msingi. Mwongozo wa NICE, chombo kinachoelekeza matibabu England, ulitolewa 2015 na kuhuishwa Novemba 2024, na hauna mstari unaosema mwanamke akifika umri fulani aachishwe. Kwa hiyo daktari anayesema "mwongozo hauniruhusu" mara nyingi anasema jambo ambalo mwongozo haujasema.

Basi katazo linatoka wapi? Marekani naweza kuonyesha njia yake waziwazi. Mwaka 1991 daktari Mark Beers aliongoza kutengeneza orodha ya dawa zisizowafaa wazee, hasa wa nyumba za kulelea wazee, waliokuwa wakilishwa madawa hovyo. Ilikuwa kazi njema na iliokoa watu. Baadaye orodha hiyo ikachukuliwa na chama cha madaktari wa wazee, American Geriatrics Society, ambacho huihuisha kila baada ya miaka michache, na estrojeni ya vidonge na ya vibandiko imo. Toleo la 2023 limeweka tofauti niliyoitaja: linasema isianzishwe kwa wanawake wazee, na kwa wale ambao tayari wanaitumia daktari afikirie kuipunguza au kuiondoa. Afikirie. Lakini orodha za namna hii zikiingia kwenye vipimo vya ubora, neno "afikirie" linapotea. Vipimo vinavyotumika kupima mipango ya bima vimekuwa vikihesabu ni wagonjwa wangapi wa miaka 65 na zaidi wameandikiwa dawa zilizo kwenye orodha. Kompyuta haina sehemu ya kuandika kwamba mama huyu alizungumza na daktari wake nusu saa na wakakubaliana. Inahesabu tu: amepewa au hajapewa. Daktari naye anaona alama nyekundu kwenye skrini, anajua kila alama inapunguza maksi zake, na mazungumzo yanafungwa kabla hayajafunguliwa.

Ninataka kuwa mkweli kuhusu matiti, maana wanaotetea tiba hii wakati mwingine hulipitia jambo hili haraka mno. Hatari ya saratani ya matiti kwa wanaotumia homoni mbili kwa pamoja huongezeka kadiri miaka ya matumizi inavyoongezeka. Hapo anayeendelea hana nafuu dhidi ya anayeanza. Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za dunia. Ulikadiria kwamba mwanamke akianza akiwa na miaka 50 na kutumia kwa miaka mitano estrojeni pamoja na projestojeni (jina la jumla la ile homoni ya pili) ya kila siku, kutakuwa na mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 50 katika miaka 20 inayofuata. Kwa estrojeni peke yake ni mmoja kwa kila watumiaji 200. Matumizi ya miaka kumi hatari yake ni karibu mara mbili ya hiyo. Mwaka 2024 ukachapishwa utafiti wa wanawake milioni 10 wa Medicare, wenye miaka 65 na zaidi. Waliotumia estrojeni peke yake walikuwa na vifo vichache na saratani ya matiti chache kuliko wasiotumia, na waliotumia mchanganyiko waliipata zaidi. Ule haukuwa utafiti wa kugawa watu kwa bahati nasibu, na huenda wanaoendelea na homoni ni wale wenye afya njema tangu awali. Siuchukulii kama hukumu ya mwisho. Ninauchukulia kama ushahidi kwamba "wanawake wazee" si kapu moja. Aliyetolewa mfuko wa uzazi na anayetumia kibandiko cha dozi ndogo hawezi kupewa jibu lilelile na anayekunywa mchanganyiko wa vidonge, na wote wawili hawawezi kupewa jibu la mwenye historia ya saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda. Huyu wa mwisho ana sababu halisi ya kusimamishiwa, na daktari anayemsimamishia anafanya kazi yake.

Mapitio ya kila mwaka yana maana yakifanywa kwa akili. Mwanamke anayetumia kidonge anaweza kuhamishiwa kibandiko au jeli, kwa sababu estrojeni inayopita kwenye ngozi katika dozi za kawaida haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda kama ile inayomezwa. Dozi ya miaka 52 inaweza kuwa kubwa mno kwa miaka 68, ikapunguzwa. Mama mwenyewe anaweza kutaka kujaribu kuacha, aone mwili utasema nini, akijua kwamba mlango wa kurudi upo. Presha ipimwe, picha ya matiti ipigwe, historia ya familia iulizwe upya. Yote hayo ni matibabu. Kusema "umefika 65" na kufunga faili si matibabu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya takwimu zote. Daktari akimwandikia mama wa miaka 66 homoni, naye akapata kiharusi mwaka unaofuata, jina la daktari lipo kwenye cheti cha dawa. Kila mtu ataliona. Daktari huyohuyo akimsimamishia, mama akaanza kupoteza uzito wa mifupa, baada ya miaka minne akateleza bafuni na kuvunjika nyonga, hakuna atakayerudi kwenye ukurasa wa ile siku ya mapitio. Ataandikwa kuwa mzee aliyeanguka. Madhara ya kutoa dawa yana mwenyewe, ya kunyima hayana. Mfumo wowote uliopangwa hivyo utanyima, hata kama kila daktari ndani yake ana nia njema. Na kuvunjika nyonga kwa mwanamke mzee si jambo dogo: wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wapo wasiomaliza mwaka.

Vivyo hivyo kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Estrojeni ikipungua, ukuta wa uke na njia ya mkojo huwa mwembamba na mkavu, bakteria wakapata pa kukaa. Mwanamke anaugua yutiai, anapewa antibayotiki, anapona, inarudi, anapewa nyingine. Kwa mtu wa miaka 75 maambukizi hayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo au kuingia kwenye damu, na wazee wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechanganyikiwa akili kwa sababu hiyo. Krimu au kidonge kidogo cha estrojeni kinachowekwa ukeni hupunguza mno maambukizi haya. Dozi yake ni ndogo, na inayoingia kwenye damu ni kiasi kidogo sana. Hata orodha ya Beers haiikatazi. Uingereza iliruhusu mwaka 2022 aina moja ya vidonge hivyo iuzwe famasi bila cheti cha daktari kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea. Lakini Marekani, kwa zaidi ya miaka 20, karatasi iliyomo ndani ya boksi la krimu hiyo ilibeba onyo lilelile la kiharusi, saratani na kupoteza kumbukumbu lililoandikwa kwa ajili ya vidonge vya kumeza. Mama anaileta nyumbani, anafungua karatasi, anasoma, anairudisha kabatini. Mimi hiyo naiona kuwa moja ya dhuluma kubwa katika habari hii nzima, kwa sababu hapo hapakuwa na mizani ngumu ya kupima. Faida ilikuwa kubwa, hatari ndogo, na karatasi ikasema kinyume.

Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuuliza haya yanatuhusu nini, wakati kwetu wanawake wengi hawajawahi hata kuandikiwa tiba hii. Yanawahusu moja kwa moja mama na dada zetu waliokwenda Uingereza na Marekani miaka ya tisini, wakafanya kazi za uuguzi na kulea wazee, na sasa wao wenyewe wanaingia miaka ya sitini. Ile miaka 10.1 ya wanawake weusi niliyoitaja isipuuzwe hapa. Pwani, binti akivunja ungo alikuwa na somo au kungwi wa kumfundisha mwili wake. Hedhi inapokoma hakuna wa kumkalisha mtu chini, inabaki kuwa siri ya mtu mzima, na aliyezoea kunyamaza juu ya jambo hilo nyumbani atanyamaza pia mbele ya daktari mgeni anayezungumza haraka. Akiambiwa aache, ataacha. Hatauliza.

Novemba 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, chini ya kamishna wake Marty Makary, ilitangaza kuondoa onyo lile zito la fremu nyeusi kuhusu magonjwa ya moyo, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu kwenye dawa hizi, ikibakiza onyo la saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi kwa estrojeni inayotumiwa peke yake. Wengi walishangilia, na kwa krimu ya ukeni nami naungana nao bila kusita. Kwa dawa zinazoingia mwilini mzima nina wasiwasi. Maelezo mapya yanashauri tiba ianzwe kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome. Ushauri huo ni wa busara kwa anayeanza. Ila sote tumeona mstari unaohusu kuanza ulivyogeuzwa kuwa ukuta wa kuzuia kuendelea. Kama bima na vipimo vya ubora vitausoma mstari huu mpya kwa jicho la zamani, mama wa miaka 68 aliyefaidika na kibandiko kwa miaka 17 atajikuta palepale alipokuwa, safari hii akizuiliwa na karatasi iliyotolewa kwa nia ya kumsaidia.

Kinachotakiwa hakihitaji utafiti wa miaka kumi mingine. Orodha na vipimo vitenganishe, kwa maandishi na kwenye kompyuta, mwanamke anayeanzishiwa homoni baada ya 60 na anayeendelea nazo. Krimu na vidonge vya ukeni vitolewe kabisa kwenye hesabu hizo. Na daktari anayesimamisha tiba aandike kwenye faili sababu yake kwa ukamilifu uleule anaotakiwa kuutumia anapoianzisha: ni ugonjwa gani, kipimo gani, hatari gani ya huyu mgonjwa, mgonjwa aliambiwa nini kuhusu mifupa yake na njia yake ya mkojo, na alijibu nini. Mwanamke ana haki ya kuomba maandishi hayo ayasome. Kama kilichoandikwa ni tarehe ya kuzaliwa tu, ana haki ya kumwona daktari mwingine, na kibandiko chake kiendelee hadi siku hiyo.